Dirisha la Tatu

Dirisha la tatu lilipigiliwa misumari mwaka juzi,
siku mashati kumi na mawili yaliporuka nje
yakamwangukia mtu aliyekuwa akiyangoja na gunia.
Bwana Thairu alileta nyundo mwenyewe.
Tangu hapo hewa ya chumba cha kushonea, hapa Baba Dogo,
ni ile ile tunayogawana:
anaitoa Bosibori, anaivuta Syombua, naipokea mimi,
namrudishia Bosibori ikiwa vuguvugu, ina nyuzinyuzi.

Watu sitini na wawili.
Julai, ule ubaridi wa Nairobi usiobisha hodi,
unaoanzia nyayoni na kupanda polepole kama deni.

Kikohozi kilianzia mstari wa makola.
Sikukisikia. Cherehani zikinguruma husikii kitu,
waona tu bega linaruka
na mshono unapinda palipokuwa pamenyooka.
Mimi ndiye mkaguzi.
Niliona kola saba zimepinda,
nikaandika daftarini: kosa la fundi.

Ofisi ikabandika karatasi mlangoni.
Nawa mikono. Koholea kiwikoni. Ukiugua, kaa nyumbani.
Syombua aliisoma kwa sauti, kama mtoto mbele ya darasa,
alipofika "kaa nyumbani" akacheka
mpaka kicheko kikageuka kile kingine.
"Kodi je," akasema akijifuta macho, "italipwa na karatasi?"
Siku usiyokuja haiandikwi,
na siku isiyoandikwa hailiki.
Hilo hakuna aliyelibandika popote. Twalijua.

Na mwaka ule wa barakoa ni sisi tuliozishona,
maboksi kwa maboksi, zikapanda lori zikaenda zao.
Kinyozi hajinyoi, sawa,
lakini hata kipande kimoja cha kuziba pua?

Jumatatu nilikuja na homa.
Vidonge viwili, koti, chai ya tangawizi kwenye chupa,
maana mkaguzi asipokuja mzigo hautoki.
Na kazi yangu, kwa asiyeijua, ni kuinama.
Kelele hainiachii kusema kutoka mbali,
hivyo naweka mdomo penye sikio:
legeza hapa. Kaza hapa. Rudia.
Masikio sitini na moja siku hiyo,
sikuruka hata moja.
Mtu mwenye bidii.

Alhamisi, viti kumi na tisa havina watu.
Bosibori walimpakia bodaboda katikati ya kazi,
mmoja akiendesha, mmoja nyuma akimshikilia asiteleze.
Sindano yake ilibaki imezama kwenye kola,
na mshono ule, nilipouinamia,
ulikuwa umenyooka kama rula.

Nikachukua nyundo ile ile, upande wa makucha.
Msumari wa kwanza ulilia. Wa pili ukakatika.
Bwana Thairu alisimama mlangoni, mikono mfukoni.
"Na mashati?" Hilo tu.
Okumu wa karakana akaja na waya wa kuku,
tukaukaza kwenye fremu:
shati halipiti, upepo unapita.
Kazi ya dakika ishirini.
Ilituchukua miaka miwili.

Siku hizi kuna mkebe wa kahawa chini ya meza ya kukatia.
Shilingi ishirini kila Ijumaa, ya nani asiulizwe,
na anayekohoa hupewa cha kulia akae kwake.
Hautoshi. Wiki iliyopita uliishia kwa wawili,
wa tatu alikuja, tukamketisha dirishani
na barakoa ya masalio ya shati la mistari.
Mimi nakagua kwa chaki, kutoka urefu wa mkono:
alama moja legeza, mbili kaza.
Wanasema nimekuwa mpole. Nimekuwa mbali tu.

Bosibori alirudi Jumanne, sauti nyembamba kama uzi.
"Hiyo baridi ni ya nini?" aliuliza,
akavuta sweta, akatazama dirisha, akaliacha.

Daftari ninalo.
Nimefuta "kosa la fundi", mara saba.
Sijaandika kitu mahali pake.